Mahindi Tuliyowachagulia Wageni

Jumatatu, 4 Agosti

Maji ndoo mbili. Uwanja nimefagia. Saumu amekataa uji tena. Mdogo wangu huyu ana miaka minne na ameanza kudeka. Bibi alimwambia, "Haya, kaa na njaa, malkia wa Zombo," halafu akamnywesha mwenyewe kwa kijiko. Mama amepiga simu kutoka Mikumi, anakofanya kazi kwenye nyumba ya wageni. Atakuja mwisho wa mwezi.

Alhamisi, 7 Agosti

Kipindi cha kompyuta. Mwalimu Adela ametufundisha takwimu huria. Watafiti wakipima kitu wanaweka matokeo wazi mtandaoni, na kompyuta za mashirika mengine zinayachota zenyewe kupitia kinachoitwa API. Hakuna barua, hakuna kusubiri. "Ni kama bomba la kijiji," alisema. "Likifunguliwa, kila mwenye ndoo anakinga." Nilipenda sana.

Halafu tukafungua utafiti wa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi, inayoharibu ini. Kijiji chetu, Zombo, kimo. Kila nyumba ni nukta, pamoja na namba waliyotuandikia mlangoni. Zote kijani, maana yake mahindi salama. Wenzangu walishangilia. Mwalimu akasema shirika linalogawa maturubai ya kuanikia lilichota takwimu hizo, likapeleka maturubai yote Msowero, kwenye nukta nyekundu.

Mimi sikushangilia. Mahindi yetu yalinyeshewa uwanjani. Watafiti walipokuja Juni waliomba kilo moja kutoka kwenye gunia tunalokula. Walikuwa wametangaza mapema, na Bibi alikuwa ameshawaandalia tangu jana yake. Tulichambua punje moja moja, nyeupe tupu. Mgeni hapewi mahindi yenye ukungu. Ungo niliushika mimi. Yaliyobaki tunakula sisi.

Nilitaka kumwambia mwalimu. Nikaona aibu. Bibi angeonekana mwongo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna shule. Saumu anatapika tangu asubuhi. Macho ya njano. Tumbo limejaa. Bibi alisema ni malaria. Tulipanda bodaboda moja sote hadi Kilosa, Saumu katikati yetu. Amepimwa. Malaria hana. Wamemlaza.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama amefika. Daktari aliuliza tunakula nini. Niliposema ugali, aliangalia simu yake, akasema mahindi ya kwetu yamepimwa na ni salama, tutafute chanzo kingine. Naye amekinga kwenye bomba lile lile.

Nikamwambia yote, mbele ya Bibi. Bibi hakunitazama. Daktari alisema, "Umefanya vizuri, binti."

Si kweli. Ningesema juzi.

Jumatatu, 11 Agosti

Saumu amefariki saa nne asubuhi. Tumemzika alasiri.

Jumapili, 17 Agosti

Mama amerudi Mikumi. Hakupewa ruhusa zaidi. Magunia yote mawili tumeyafukia shimoni. Tunakula muhogo.

Leo Bibi amesema, "Niliona haya, mjukuu wangu. Watu waseme nyumba ya mjane ina mahindi mabovu?"

Nina hasira naye. Nina hasira na mikono yangu pia.

Jumatano, 20 Agosti

Nimerudi shule. Nilimweleza Mwalimu Adela. Aliniachia kiti chake mbele ya kompyuta. Nimewaandikia watafiti. Namba ya nyumba, jinsi tulivyochambua, nani alikula nini. Jina la Saumu nimeliandika. Hawakuliuliza, lakini nimeliandika.

Jumatano, 27 Agosti

Wamejibu. Wametupa pole. Nukta yetu sasa ni kijivu, "haijulikani". Mashirika yanayochota kila siku yameshaona. Lile la maturubai lilichota mara moja tu, likahifadhi nakala yake. Kwao sisi bado kijani. Watafiti watawaandikia, ila wanasema nyumba moja haiwezi kubadili matokeo ya kijiji kizima. Wanauliza kama kuna nyumba nyingine iliyofanya kama sisi.

Sijui nitamuuliza nani. Mimi ni mtoto. Nitabisha mlango wa mtu mzima nimwambie alidanganya?

Jumamosi, 30 Agosti

Nilimsomea Bibi jibu lao. Akaniomba nirudie pale penye swali. Nikarudia. Alijitanda khanga, akatoka bila kusema anakwenda wapi.

Mchana akaja mama wa nyumba ya pili. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasimama tu mlangoni. "Bibi yako amekuja kwangu," alisema. "Amesema mwenyewe, kwa mdomo wake. Basi na mimi nilichambua." Akanitajia namba yake.

Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja. Hakuna aliyekaa sana. Nimeandika namba sita.

Wa mwisho alikuwa Mama Rehema, mwenye watoto wanne. Alinitazama nikiandika ya kwake mpaka nikamaliza. Akasema anawahi nyumbani, akamwage unga kabla hawajasonga ugali.