Nyanchama Anakimbia Tena

Kituo cha Majani Chai Itumbe,
S.L.P. 47,
Kisii, Kenya.
20 Juni 1973

Mpendwa Baba Mkubwa Onsongo,

Shikamoo, kama watu wa huko wanavyosalimiana. Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na Mama Mkubwa Zilpa na watoto. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la pamba huko kiwandani? Mama hakutaji katika maombi bila kuongeza kwamba Mwanza ni mbali mno kwa mtu mwenye kikohozi. Sisi hatujambo. Mvua imetunyeshea vizuri, majani ya chai ni mengi, na migomba ya nyuma ya jiko imelemewa hata Baba ameitegemeza kwa miti.

Mimi bado ni karani wa mizani, na bado naogopa. Mkaguzi akija, mkono hunitetemeka kabla hajashuka kwenye gari, ingawa hesabu zangu hazijapata kukosewa. Lakini leo siandiki habari za woga wangu. Naandika juu ya mdogo wangu Nyanchama, tena kwa fahari ambayo sijui niiweke wapi.

Katika barua yako ya Januari ulitushauri tumlete akae kwako, mbali na watu waliomwona akianguka. Baba alinipa mimi kazi ya kujibu, nami nikachelewa kwa sababu hatukujua la kusema. Uniwie radhi. Sasa tunajua.

Utakumbuka kwamba mwaka jana, katika mbio za kupokezana vijiti pale Nyamache, alijikwaa akavunjika mfupa wa muundi mbele ya shule zote. Hospitali ilimtibu vizuri. Plasta ilipotolewa, daktari akasema mfupa umeunga, atembee. Hakutembea. Alijikunja kitandani akitazama ukuta. Chakula alikigusagusa tu, na shule akaikataa. Msichana aliyekuwa akiimba njia nzima ya kisimani akawa hasemi ila "ndiyo" na "sitaki". Mama aliniita kando akaniambia, "Joash, mguu umerudi, lakini mtoto simwoni."

Na sisi kwa mapenzi yetu tulizidisha ugonjwa. Unajua desturi ya kwetu: mgonjwa haachwi peke yake. Kila siku watu walikuja na uji na pole, wakaketi, na kila aliyekuja alitaka aelezwe upya jinsi alivyoanguka. Mama alieleza. Majirani waliokwisha kusikia wakawaeleza wenzao. Wageni walishika vichwa, "Uui! Na mfupa ulisikika?" Nyanchama alikuwa pale pale akisikiliza, akianguka tena mbele ya kila mgeni.

Aliyetufumbua macho ni mwalimu wake wa michezo, Mwalimu Christabel, anayetoka upande wa ziwani. Yeye alikuja bila uji. Alimwambia Baba kwamba msichana huyu amezoea kukimbia tangu utotoni, na mbio ndizo zilizokuwa zikimtuliza akili. Sasa ameumia, na kile kilichokuwa kikimtuliza amenyimwa. Akashauri aanze polepole, bila kushindana na mtu.

Baba alikataa katakata. "Mwalimu, ulimchukua mzima ukanirudishia amevunjika. Umekuja kumchukua tena?"

"Simchukui, Mzee. Akimbie hapa hapa, ukimtazama."

Baba akanyamaza. Kimya cha ndugu yako unakijua, ni nusu ya ruhusa.

Ila Nyanchama mwenyewe hakutaka. "Watu wataniona nikichechemea," alisema. Nami, sijui maneno yalitoka wapi, nikamjibu, "Hawatakuona wewe. Watanitazama mimi."

Basi asubuhi moja, kabla ya kwenda kazini, niliingiza suruali ya kazi ndani ya soksi, kalamu ikiwa mfukoni, nikatangulia barabarani. Wewe unanijua, tangu utoto nakimbia kama mtu aliyebeba mayai. Akina mama waliokuwa wakienda kuchuma chai walisimama na vikapu vyao.

"Karani! Umeiba mizani?"

"Mwacheni, anafukuzwa na mume wa mtu!"

Jirani yetu Mzee Nyasani akaacha kukama ng'ombe wake ili apate nafasi ya kupiga kelele. "Joash, aibu! Hata mwenye mguu mbovu anakupita!"

Nilitamani ardhi inimeze. Niligeuka kumtazama Nyanchama, nikihofia kwamba neno lile limemuua kabisa. Baba Mkubwa, alikuwa anacheka. Alisimama katikati ya barabara ameshika mbavu, akacheka mpaka machozi, kisha akanipita kweli.

Siku ile alimaliza ugali wake na kuomba mboga zaidi.

Sikudanganyi kwamba tangu hapo ilikuwa mteremko. Ziko asubuhi alizokataa kuamka. Iko siku mguu ulimuuma akaketi kwenye majani akilia, akidhani umevunjika tena, na kwa muda tukawa tunatembea tu. Lakini usingizi ulimrudia, akarudi shule, akaanza hata kugombana nami, jambo lililomfurahisha Mama kuliko yote. Aliniambia kwamba akikimbia, kule kuanguka huacha kujirudia kichwani, anabaki anasikia pumzi yake peke yake. Mimi pumzi yangu inasikiwa na kijiji kizima.

Kilichobaki kilikuwa uwanja wa Nyamache. Ijumaa iliyopita mchujo wa shule ulifanyika pale pale. Alipouona uwanja alianza kutetemeka. Wengine hawakutambua, lakini kutetemeka nakujua. Nikamsogelea nikamwambia lile ninalolijua mimi, "Mkaguzi akija natetemeka, lakini naandika hivyo hivyo. Hesabu hutoka sawa."

Alinitazama sana, kisha akaenda kwenye mstari. Zilikuwa mbio za mita mia nane. Mzunguko wa kwanza midomo ilikuwa ikimcheza. Wa pili ikatulia. Alipokaribia mahali alipoangukia mwaka jana nilifumba macho, na nilipoyafumbua alikuwa amekwisha kupapita. Alitoka wa tatu, akaingia fainali.

Fainali ilikuwa kesho yake, siku ya Sabato. Katika nyumba yetu mtu hakimbii mashindano siku hiyo, wala hilo halijadiliwi, nawe unajua. Tulilala kwa Shangazi Nyangate, tukasali katika kanisa la hapo Nyamache, na kelele za uwanjani zikawa zinaingia madirishani. Sikusikia hata neno moja la hubiri. Niliogopa kwamba kuzikosa mbio zile kutamrudisha kitandani akitazama ukuta. Kelele zilipopanda nilimwangalia. Akaninong'oneza, "Sasa wanaingia kona ya mwisho." Wimbo ulipoanza, aliuimba kwa sauti mpaka mama mmoja wa mbele akageuka.

Jumapili tukiwa nyumbani wageni walikuja na pole zao, safari hii kwa sababu ya fainali aliyoikosa. Aliyewakatiza ni Baba. "Pole ya nini? Ketini." Akaanza kuwaeleza jinsi binti yake alivyokimbia Ijumaa, yeye ambaye hakuwepo! Alichanganya kona na mstari, akamfanya awapite watu ambao hata hawakukimbia. Nyanchama akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba, sivyo. Ngoja niwaambie mwenyewe."

Akawaambia, toka mwanzo hadi mwisho, kwa mikono na miguu. Alipotaja pale alipoangukia alisema tu, "hapo nikapita," akaendelea. Mama alitoka nje kufuta macho, akisingizia moshi.

Kwa hiyo, Baba Mkubwa, jibu letu ni hili: tunakushukuru sana, lakini Nyanchama haji kujificha kwako. Atakuja kutembea, shule zikifungwa Agosti, na Baba anaomba umtafutie barabara nzuri ya kukimbilia asubuhi.

Baba na Mama wanakusalimu. Shangazi Nyangate anamsalimu Mama Mkubwa Zilpa na kuuliza kama kile kitambaa kilimfika. Wasalimu watoto wote, na wasinicheke nikifika.

Maana mimi ndiye nitakayemsindikiza. Tutapanda meli Kisumu, nami sijapata kulala juu ya maji, na naogopa tangu sasa. Nimemwambia Nyanchama. Amesema yeye atatangulia kupanda, ili watu wamtazame yeye.

Mungu akulinde kifua na akuonyeshe nyuso zetu tukiwa wazima sote.

Mimi mwanao, mwoga wenu akupendaye,

Joash Okemwa