Namba Niliyompa Mwalimu Kabula

Igoma, Mwanza
Jumamosi

Kwako mke wangu, Mama Zawadi,

Nakusalimu kutoka huku ziwani. Natumaini mmeamka wazima wote hapo Kasulu na kikohozi cha mtoto kimepungua. Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi sina ugonjwa, ila mgongo unauma na viganja vimekuwa kama maganda ya muhogo. Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Ukipigiwa unaweka spika ili mama naye asikie, na haya sitaki ayasikie. Nampa kondakta mmoja ninayemfahamu, atakuachia stendi.

Nianze na lile kubwa. Shule zikifungwa usije na watoto. Najua umeshawaambia, na najua Zawadi ameshajisifu kwa wenzake kwamba anakwenda kuona ziwa. Mwambie baba yake amekataa. Sababu nitakueleza yote, hata pale ninapoona aibu.

Huku watu hujenga katikati ya mawe kama sisi tunavyojenga katikati ya migomba. Nyumba ya Bibi Mbuke nilikopanga iko mlimani, na mteremkoni juu ya paa lake limekaa jiwe moja kubwa kuliko kanisa letu. Kati ya paa na jiwe ndipo tunapochimba, kwenye mwamba linaoukalia. Tunawasha moto wa matairi, mwamba ukishika joto tunaupiga nyundo, unabanduka, akina mama wanagonga kokoto. Nyapara aliruhusiwa kukata mpaka kwenye mstari mwekundu, asiingie chini ya jiwe zaidi ya hapo. Tuliupita zamani. Mbele ameziba kwa mabati, na alituambia kwamba atakayesema tumefika wapi ajihesabu hana kazi.

Sasa kuna mpangaji mwenzangu, Mwalimu Kabula, anafundisha hesabu sekondari, njia ya Magu. Usiwaze vingine, ana mume Misungwi na mimi ananiita kaka. Mwaka wa pili huu anasoma shahada ya pili ya hesabu kwa mtandao. Chuo chenyewe hajawahi kukiona. Wenzake ni walimu kama yeye, mmoja yuko Songea, mwingine Malawi, wote wametoka kufundisha siku nzima na njaa zao. Kipindi kinaanza saa kumi jioni, na mtandao hapa haushiki mpaka upande juu ya lile jiwe. Basi anapanda na mwavuli, simu mkononi, madaftari ya kidato cha pili kwapani, anasikiliza huku anasahihisha. Nikitoka kazini namkuta, ananieleza kidogo. Mimi wa darasa la tano, lakini akieleza naelewa. Vijana wa machimboni walinicheka, wakasema Muha amepata shule ya jioni, mwakani atakuwa profesa wa kokoto.

Kazi yao ya mwisho ilikuwa hivi: kila mmoja achukue kitu cha kweli cha mahali anapoishi akifanyie hesabu. Wa Songea alichukua ghala la mahindi. Kabula akachukua jiwe, kwamba je, litakaa au litaondoka. Alilipima lote kwa kamba, akapima mteremko kwa simu. Akanieleza kwamba uzito wote wa jiwe una mahali pake pamoja, kama tofali kwenye toroli. Mahali hapo pakiwa bado juu ya msingi, jiwe limekaa. Pakivuka ukingo, linakwenda. Lililobaki ni kujua tumekula msingi kiasi gani, na nyapara hakumruhusu kupita mabati. Akaniuliza mimi, "Kaka, mmeingia hatua ngapi?"

Nikamwambia tatu.

Mama Zawadi, ni sita. Nilimwambia tatu kwa sababu nilifikiri namba hiyo itakwenda huko chuoni, wazungumze wasomi, iishie huko. Akaiandika. Hesabu ikatoka kwamba jiwe limekaa vizuri, na mwalimu wao akamsifu sana. Kabula alifurahi mpaka akanikaangia sato.

Nyapara akasikia. Akaja kwa upole, akaomba nakala, akaipeleka kwa mtendaji wa mtaa. Wapangaji walikuwa wamelalamika kwamba ukuta unapasuka, na karatasi ile ikawajibu. Kwamba mwalimu wa shahada ya pili amepima, chuo kimekubali. Tukaongezewa mkataba, tukaendelea kuchimba.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Kuna kipande cha jiwe tulikuwa tunakichomeka kwenye ufa ulio chini ya lile jiwe, tunakitoa kwa mkono. Wiki iliyopita niligusa, kimebanwa. Nikaweka mtarimbo, hakitoki. Ufa unafunga, maana yake jiwe linashuka. Vumbi linaanguka lenyewe tukiwa tumekaa tunakula, na pimbi waliokuwa wakiota jua pale wamehama wote. Mvua nazo zimeanza.

Nilimfuata Kabula kule juu ya jiwe nikamwambia ukweli. Hakunifokea. Alifuta tatu, akaandika sita, akapiga hesabu upya akiwa amesimama. Akairudia mara ya pili. Kisha akashuka kwenye lile jiwe taratibu, na tangu siku hiyo hajalipanda. Aliwaandikia chuo kwamba kazi yake si sahihi, anaiondoa. Wamemjibu kwamba bila kazi ile hatahitimu mwaka huu, aanze nyingine. Miaka miwili ya kupanda na mwavuli, na aliyemharibia ni mimi.

Jana akachukua karatasi mpya kwenda kwa mtendaji, nami akanipitia. Tulimkuta nyapara ameshafika. Mtendaji akaziweka karatasi zote mbili mezani, akasema, "Mwalimu, hii uliyoileta kwanza imesifiwa na chuo. Hii ya leo imesifiwa na nani?" Kabula akasema aulizwe aliyemo ndani ya shimo. Nyapara akanigeukia, akacheka kidogo. "Haya, Muha. Ni hatua ngapi?"

Nilifikiria karo ya Zawadi. Nilifikiria kurudi nyumbani mikono mitupu. Nikasema tatu.

Kabula hakuniangalia. Alikunja karatasi yake akatoka. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Kwa hiyo usije. Asubuhi hii nimemaliza kufikiri, nakwenda kusema sita, kazi iende inakokwenda. Msalimie baba mkwe, mwambie nampa shikamoo yake. Shemeji Daudi anisaidie kuezeka jiko kabla mvua hazijazidi. Dada yangu mkubwa asinilaumu kwa kukaa kimya. Wanangu washikeni vizuri.

Ni mimi mume wako,
Baba Zawadi

Nimeifungua tena bahasha. Mtendaji amesafiri, anarudi Jumatatu. Nimemwambia nyapara usoni kwamba ni sita, ameniambia nirudishe nyundo. Kabula amehamisha vitu vyake tangu alfajiri, na wapangaji wengine wawili wamemfuata. Amebaki Bibi Mbuke. Nilimpigia magoti, nikamweleza yote. Anachambua dagaa. Akaniambia, "Jana kwa mtendaji ulisema tatu. Leo unasema sita. Nyumba hii kaijenga marehemu mume wangu, nami nitoke kwa neno lako?" Akaendelea na dagaa zake.

Mvua inanyesha. Kabula amerudi, ameshika mkono mmoja wa Bibi, mimi nitashika wa pili tumtoe, hata akitulaani. Kondakta anaondoka, naifunga.