Mke wa Kwanza wa Babu Xavier

Kartie Lumumba, Bunia
Tarehe 14 Septemba 2025

Mpendwa binti yangu Abigaël,

Amani iwe nyumbani kwako huko Namur. Mgongo wako umepona? Yannick na watoto wanaendeleaje? Sisi tupo, kwa neema ya Mungu. Mama yako mkubwa anakohoa kidogo, na presha yangu imetulia tangu niache chumvi.

Matanga ya baba yako Claude tuliyamaliza Jumamosi tarehe 6. Watu walikuja wengi, chakula kilitosha, na kwaya iliimba vizuri. Lakini siku hiyo nilifanya jambo ambalo halinipi raha, na wewe unastahili kuelezwa kabla ya wengine.

Uliniomba nimtafute babu yangu Xavier katika vitabu vya parokia, ili watoto wako wajue walikotoka. Nikaenda. Nikueleze kidogo: mtu akibatizwa, padri huandika jina lake, la wazazi na la msimamizi, na pembeni huacha nafasi. Akija kufunga ndoa, popote pale, habari hurudishwa na kuandikwa kwenye nafasi hiyo. Pembeni mwa jina la Xavier niliona ndoa ya mwaka 1936, misheni ya upande wa Gety, na mwanamke aitwaye Françoise. Si Perpétue, nyanya aliyenilea.

Nilikaa pale kwenye benchi nikakumbuka. Nyanya Perpétue hakukosa misa, wala hakupokea komunyo hata mara moja. Sisi wajukuu alituambia magoti yanamuuma. Kumbe alijua kwamba mumewe ana mke wa kanisa, tena yuko hai, hivyo yeye hakuruhusiwa komunyo.

Niliuliza watu wa Gety waliokimbilia hapa mjini. Wakanipeleka kwa Martine, mjukuu wa Françoise, anayeuza sombe, yale majani ya muhogo, kwenye soko letu hili hili. Aliniona nakuja, akacheka.

"Muzee Hubert, umekawia! Kila siku munakula sombe yangu, na munaniitaka tu mama sombe!"

Nikamwuliza kwa nini hakusema, naye akanijibu kama mtu na kaka yake.

"Niseme nini, yaya? Mungesema huyu mukimbizi iko anatafuta nyumba. Kwa kilio ya Claude nilikuja. Nilikaa inje na majirani, nikakula maharagi, nikarudia."

Binti yangu, alimlilia baba yako kama jirani! Babu alikuja Bunia kutafuta kazi ya useremala, akamwacha Françoise na mtoto mchanga, asirudi tena. Mtoto huyo ndiye aliyemzaa Martine.

Nilimwomba aje kumaliza matanga akikaa mkekani pamoja nasi. Akakubali, ila akaweka sharti kuhusu nyanya yake.

"Utaita koko yangu mbele. Yeye ndiye alitangulia kuolewa."

Unaijua desturi ya nyumba yetu: kabla ya kula, mkubwa wa ukoo huwataja marehemu kwa sauti, mume kwanza, kisha wake zake kama walivyofuatana, na wazao wa kila mmoja husimama. Wewe ni mzaliwa wa kwanza wa Claude, ilinipasa kukuuliza. Sikukuuliza. Niliogopa ungekataa, na naona haya kuliandika hilo.

Nilimtaja Françoise. Martine akasimama peke yake. Shangazi yako Solange akanirukia, kana kwamba nimemfukuza Perpétue: "Yaya! Leo unatosha nyanya mu nyumba yake?"

Nyanya huyo ndiye aliyenibeba mgongoni, nami nimemfanya wa pili mbele ya watu wote. Nikamtaja Perpétue, sisi wote tukasimama. Martine naye hakuketi. Alibaki amesimama kwa ajili ya Perpétue mpaka nilipomaliza, nami sikujua niangalie wapi.

Solange hanisemeshi mpaka leo. Ningemwacha Martine nje mara ya pili, ningeumia. Sasa nimemwingiza, naumia pia. Niandikie, hata kama ni kwa hasira. Nawe utakapowasimulia watoto wako habari za babu Xavier, uniambie ulianza na jina la nani.

Nisalimie Yannick, Lionel na Chance. Mama yako mkubwa anakukumbatia. Martine, shangazi yako usiyemjua bado, anakusalimu sana. Mungu awakinge na baridi ya huko, awape mkate na amani mezani.

Mimi nikupendaye kama mtoto wa tumbo langu,
Baba yako mkubwa,
Hubert