Nimeharibu Sala ya Mama

Jumapili jioni. Mawingu yametanda hapa kwetu Mabanga tangu mchana, na mvua imegoma kunyesha.

Kesho asubuhi Mama anafanyiwa upasuaji Bungoma mjini. Ana uvimbe tumboni. Leo akina mama wa kanisa walijaa sebuleni kumwombea, na kwa kuwa mimi ndiye ninayesomea uchungaji kule Kitale, wote wakanigeukia niongoze.

Shida ni kwamba muhula huu tunasoma falsafa ya dini. Mwalimu ametubana kweli: Mungu anaweza yote, Mungu ni mwema kabisa, na bado watu wanaumia bure. Haya yanakaaje pamoja? Na kama Mungu habadiliki, sala inambadilisha nani? Darasani nilibishana kwa raha zangu, kisha nikaenda kunywa chai.

Sebuleni raha iliisha. Nilifumba macho, nikaushika mkono wa Mama, umekonda jamani, nikaanza: "Ee Mungu, kama kweli upo..."

Ilinitoka tu.

Nilipofumbua macho, wote walikuwa wananitazama. "Ati kama?" akasema mke wa pasta, kisha akaidaka sala na kuipaza mpaka mabati yakatetemeka. Nilitamani ardhi inimeze. Mama aliuachia mkono wangu.

Wageni walipoondoka aliniita jikoni. Nilijua atanikaripia, na kusema kweli nilitaka anikaripie. Yeye akaendelea kuchambua mboga bila kuniangalia.

"Nekesa, hiyo kitu ulisema, mimi naisema kwa roho tangu daktari anionyeshe ile picha ya uvimbe. Sasa si wewe ndio umesoma? Niambie. Mungu ako?"

Kumbe maswali yangu yote nimekuwa nikiyauliza nikiwa nimeegemea imani yake. Nilidhani yeye hatikisiki, ndiyo maana nikathubutu kutikisika mimi.

"Ako, Mama," nikajibu. Haraka mno.

Alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akarudia mboga zake. Sijui kama aliniamini. Sijui kama nilimdanganya. Mwalimu angenidai hoja, nami sikuwa na hata moja, nilikuwa na mama anayeogopa.

Kesho mlango wa chumba cha upasuaji ukifungwa, yeye atakuwa ndani na mimi nje.

Mungu, nimeshamwambia uko. Usinifanye mwongo.