Mguu Mmoja wa Nyar Kisegi

Mjukuu wangu Achieng',

Amani iwe nawe huko Nairobi. Huku Karungu tu wazima, na babu yako ameanza kutembea tena. Umeuliza kwa nini tunaoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana.

Nikiwa msichana, mama yangu alipiga magoti kanisani na beseni mbele ya jirani yetu aliyeolewa kutoka Kisegi, ndiyo maana tulimwita Nyar Kisegi. Yule akairudisha miguu yake nyuma. "Usiniguse! Nilipozika mtoto wangu, ulikuwa wapi?"

Nilipigwa na butwaa. Mama yangu, kiongozi wa maombi!

"Sikuja," mama akasema. "Nisamehe."

Mwishowe Nyar Kisegi akanyoosha mguu mmoja. "Leo huu tu."

Mama akauosha huku akilia. Wa pili aliuleta mwenyewe nyumbani kwetu uoshwe, mvua zilipoanza.

Nyanya yako akuombeaye