Nilisema haitembei, na ilikuwa inatembea

Siku ya ine ya juma. Mvua imeanza mbele ya jua kutoka, na hasira yangu imeamuka mbele ya mvua. Musome polepole, maana naandika na kidole kimoja na masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu. Haya wala aibu sina.

Kartie yetu, mutaa muzima, inabomolewa. Benye mugodi banataka udongo wenye kuwa chini ya bitanda byetu. Kapinga, mujukuu wangu, alitengeneza programu ya telefone: kila nyumba, jina la mwenye, foto za kuta. Siku ya posho, ni ya sita, kesho kutwa, orodha ile itapelekwa kwa avoka, wakili wa kututetea. Nyumba yenye haimo ndani, ni kama haikukuwa duniani.

Kapinga hafanyi peke yake. Barafiki yake ba Lubumbashi na Likasi banamutumia mabadiliko ya kode, maandiko ya ndani ya programu. Kila badiliko anaiweka kwanza pembeni, ku tawi lake, anaitia mu telefone yangu. Mi najaribu. Nikisema "inatembea", ni kusema inafanya kazi, anaiunganisha na programu ya batu bote. Nikisema "haitembei", inabakia inje. Alinichagua mi kwa sababu telefone yangu ni ya zamani na bidole byangu bimekauka na kutwanga. Kitu chenye kinanikubali mi, kitamukubali mama yeyote.

Ni kazi ya heshima. Niliichafua.

Kati ya hao batumaji kuko Désiré, mutoto wa Kisimba. Kisimba! Mwaka ule balitufukuza hapa sisi batu ba Kasai, ati sisi bageni, Kisimba alikuwa jirani yetu. Aliingia na valizi yake ya nguo, sufuria yangu ingali ku moto. Akakaa mu kiti cha bwana yangu, akaniambia: "Mama, acha funguo ku meza." Nyumba ile bwana yangu alichoma matofali yake yeye mwenyewe. Tulilala ku gare majuma mengi tukingojea treni. Bwana yangu tulimuzika njiani, Tenke, pembeni ya reli.

Mi nilirudia. Kisimba angali pale pale, muzee, barabara mbili kutoka kwangu. Na mu orodha ya Kapinga, nyumba yetu ile iko na jina lake.

Basi, majuma matatu yaliyopita Désiré alituma badiliko: rezo, ule mutandao, ikikufa, foto inachungwa mu telefone, rezo ikirudia, foto inaenda yenyewe. Nilijaribu mara mbili. Mara mbili foto ilienda, muzuri kabisa.

Nikasema haitembei.

Désiré akatafuta kosa siku ine, akatuma tena. Nikajaribu. Ikatembea. Nikasema haitembei, na siku ile nilikula bukari kama mutu wa arusi.

Leo asubuhi Mama Odia, mujane wa nyuma yetu, ameingia amelowana chapa. Nyumba yake baliiangusha siku ya kwanza ya juma hili. Foto alikuwa amepiga siku ya Mungu, jana yake, lakini rezo haikukuwa. Foto haikuenda, akafunga telefone, ikapotea. Mu orodha, kiwanja chake ni cheupe.

"Kapinga mwanangu, nilipiga ile foto! Ukuta wote, mpaka mulango!"

Mi nilikuwa pale nachambua majani ya sombe. Mikono ikasimama.

Kapinga akafungua historia ya kode. Ile kitu haisahau: nani alibadilisha, nani alijaribu, alisema nini. Jina langu liko pale, vile bajukuu banaita bibi yao. Kambo Meta: haitembei. Kambo Meta: haitembei. Akachukua telefone yangu, akakata rezo, akapiga foto ya sahani yangu ya sombe, akarudisha rezo. Ikaenda.

"Kambo. Juu ya nini ulisema haitembei?"

"Kamuulize Kisimba."

"Kode haina baba, Kambo. Inatembea ao haitembei."

Nilimukaripia, maana mutoto hamufundishi mukubwa mbele ya batu. Lakini Mama Odia alikuwa ananiangalia, maji yanatiririka ku kitambaa chake. Jiwe nilimutupia Kisimba, likaanguka ku nyumba ya mujane.

Nikasema: "Andika. Inatembea. Ilitembea tangu siku ya kwanza. Kambo Meta alisema uongo." Akaandika, na jina langu. Haitafutika. Akaunganisha.

Nikajifunga kitenge, nikaenda na Mama Odia mu mvua, tukapiga foto za matofali yake yenye kulala chini, na mulango wenye ungali unasimama peke yake. Rezo haikukuwa. Tulipofika nyumbani, foto zilikuwa zimetutangulia mu orodha. Kazi ya mutoto wa Kisimba.

Munafikiri nimesamehe?

Nilimurudisha Kapinga ku kiti, aandike chini ya ile badiliko, batu bote basome: "Désiré, kazi yako nimeipokea. Sasa tuma ingine mbele ya siku ya posho. Ku nyumba ya baba yako, weka jina la mutu mwenye aliijenga. Muulize baba yako. Analijua."

Akaandika.

Désiré amesoma, hajajibu. Asipotuma, hiyo nayo itabakia imeandikwa. Akituma, nitajaribu mi mwenyewe, na telefone hii hii, mara mbili. Na jina la bwana yangu likionekana, nitasema inatembea.