Tangazo Langu Limewaita Nguchiro kwenye Viota vya Kanga

Shangazi Winfrida, shikamoo. Nimeianza barua hii mara tatu na mara zote nimeichana, kwa hiyo ukiona mwandiko unakimbia usinicheke, ni kwamba nataka kuimaliza kabla ujasiri haujaniishia. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Ujiji, nina shahada, na baada ya kukaa nyumbani miaka miwili nimepata kazi ya ukarani katika shamba moja la uwindaji huku milimani, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka Mwanga ya hapa Kigoma. Wageni huja kiangazi kuwinda kanga na kwale, na ili kanga wasipungue tunawatotolesha wenyewe ndani ya uzio, wakikua tunawaachia porini. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Anayelinda viota ni mzee nitakayemwita Gahungu, ambaye alitoka Burundi akiwa kijana na ameishi huku miaka mingi kuliko umri wangu. Kila asubuhi hupita viota vyote, kisha huja dirishani kwangu, hunisalimu kwa Kirundi na kusema, "Mwakeye, mwanangu karani, andika," nami huandika mayai yaliyopo na yasiyokuwepo. Mwaka jana msimu mzima yalipotea mayai sita. Mwaka huu, kuanzia katikati ya Februari hadi ninapoandika, yamepotea hamsini na mawili pamoja na vifaranga kumi na tisa, na mitego yote iliyotegwa upande wa msitu haijanasa hata panya. Meneja alimwita mzee mbele yetu sote akamuuliza, "Hivi mzee, hao nguchiro wako ni wa namna gani, mbona wanaijua njia ya soko la Mwanga?" Watu wakacheka. Mzee akajibu polepole, "Meneja, nguchiro hana haja ya soko. Anakula palepale," na watu wakacheka zaidi, ila meneja hakucheka. Amesema mwisho wa mwezi huu mzee ataondoka, na kuondoka maana yake ni kuiacha nyumba ya kampuni anayoishi na mkewe, na maharage waliyopanda nyuma ya nyumba, ambayo ndiyo kwanza yanatoa maua.

Sasa Shangazi, mimi tangu utoto nikiona jambo lisilo na sababu siwezi kuliacha, nikajiuliza, kwa nini Februari na si Januari, mvua zilikuwa zilezile, mzee alikuwa yuleyule, kumebadilika nini? Nikakaa na daftari la viota huku na faili la matangazo kule, nikawa nalinganisha tarehe, na nilipofika tarehe kumi na moja Februari nikalifunga faili, kwa sababu tangazo la siku hiyo niliandika mimi.

Ni hivi. Dagaa za wafanyakazi tunaletewa kwa magunia kutoka Ujiji, na wakati wa mvua zinafika hazijakauka vizuri, inabidi zianikwe tena juu ya vichanja. Vichanja vilikuwa karibu na mahema ya wageni, na wageni wawili waliokuja nje ya msimu kupumzika tu wakalalamika harufu. Meneja alikuwa safarini Dodoma. Nikaandika kwamba kuanzia siku hiyo dagaa zote zianikwe nyuma ya uzio wa kanga, nikagonga muhuri wa ofisi bila kumuuliza mtu, na nikajiona karani hodari sana. Mayai ya kwanza yalipotea tarehe kumi na nne.

Sikutaka kuamini, kwa hiyo nikaomba majivu jikoni, jioni moja nikayanyunyiza kuzunguka vichanja na kandokando ya uzio. Asubuhi nikakuta vidole vidogo vya nguchiro, wengi, na mburuzo wa mkia wa kenge mpana kama mkono wangu, na ajabu ni kwamba nyayo zote zinaanzia kwenye vichanja, pale dagaa zilipodondoka, ndipo zinakwenda kwenye uzio. Hazitoki upande wa msitu penye mitego hata kidogo! Tena kulikuwa na siku tatu za mvua kubwa ambazo dagaa hazikuanikwa, na siku hizo tatu halikupotea hata yai moja.

Nilimwambia mpishi wetu peke yake, nitamwita Happiness. Akasema, "Mdogo wangu, lete hiyo karatasi niipikie ugali. Nani atajua?" Sijampa, ila sijaacha kuifikiria. Na juzi meneja amekuja na chupa ya sumu isiyo na lebo, anataka ichanganywe na dagaa na kuzungushwa nje ya uzio Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ufunguo wa stoo ninao mimi, na mimi ndiye wa kusaini kuitoa. Chini ya uzio kuna kijito ambacho wanawake hufulia. Nikisema ukweli nafukuzwa kwa kutumia muhuri, na nyumbani kwetu ni mimi tu mwenye ajira. Nikinyamaza, mzee anaondoka. Shangazi, nifanye nini?

Karani Mwoga, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu mwezi unakwisha.

Kwanza nikusifu, maana sifa hizi hutazipata tena humu chini. Watu wazima wenye mitego na bunduki wamekaa wiki kadhaa wakitazama msituni, wewe ukaenda na kopo la majivu ukatazama upande wa pili. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili, na nikajiuliza kama kenge anapenda dagaa mbichi au kavu. Siku moja uniandikie.

Sasa nikuulize. Umelinganisha tarehe, umesoma nyayo, umehesabu siku za mvua, halafu mzee aliyechekwa mbele yako anasubiri kufukuzwa na wewe umekaa na jibu lote kichwani? Hofu naielewa. Miaka miwili bila kazi inamfundisha mtu kunyamaza. Lakini kosa lako la Februari lilikuwa kosa la mtu asiyejua, na kila asubuhi unayomwandikia mzee yule mayai yaliyopotea huku unajua yalikokwenda, unafanya kosa jingine, hili la kujua.

Hiyo sumu usiisaini. Kutega wanyamapori kwa sumu kumekatazwa na sheria, na chupa isiyo na lebo karibu na kijito cha kufulia si jambo la kubishania. Mwambie meneja kwa adabu kwamba jina lako haliingii hapo. Akisisitiza, ofisi ya wanyamapori ya wilaya ipo, na wewe kuandika barua unajua.

Nenda kwanza kwa Mzee Gahungu. Msalimie, mwonyeshe tangazo, mwombe radhi. Asiisikie habari hii kwenye mkutano kama alivyosikia ile ya soko. Huenda akakukasirikia, mwache akasirike. Kisha ingieni kwa meneja wote wawili, na daftari, na faili, na tarehe ya ile siku uliyonyunyiza majivu. Usianze na machozi, anza na tarehe. Ombeni wiki moja tu: vichanja vihamishwe mbali na uzio, ardhi iliyokuwa chini yake ifagiliwe, mitego igeuzwe iangalie upande huo. Mayai yenyewe yatamjibu meneja.

Suala la muhuri litakuja, na hapo utasema "nilikosea" bila kuongeza neno. Unaweza kupewa onyo. Unaweza kufukuzwa, sitakudanganya. Ila utakuwa umefukuzwa kwa jambo ulilolifanya wewe.

Na usisubiri Jumamosi. Umebadilisha majina, vizuri, lakini gazeti hili linafika mpaka Kalinzi, huko milimani kwenu, na mashamba yanayoanika dagaa nyuma ya kanga si mengi. Meneja wako akiifikia barua hii atakutambua kabla ya aya ya nne. Bahati yako, mameneja huanza na kurasa za michezo. Inuka sasa hivi, mwanangu, mzee yuko viotani.